Kinamasi Shambani Mwako na Pesa za Umma

Ukiwa na shamba lenye chemchemi inayodhoofika, kinamasi kilichobaki nusu ya kile alichokijua babu yako, au silanga iliyojaa tope, huenda umewahi kujiuliza kama serikali inaweza kukusaidia. Inaweza. Lakini hapa Kenya pesa za umma za kuhifadhi maji na ardhioevu kwa kawaida haziendi kwa mtu mmoja mmoja. Hupitia kwenye jumuiya za watumiaji maji, kwenye kamati za wadi, kwenye bajeti ya kaunti. Mwenye shamba anayeandika barua ya kuomba “msaada wa kutengeneza bwawa langu” anaomba kitu ambacho ofisa anayeipokea hana kasma ya kukilipia, hata kama angependa. Anayeandika kwamba kaya zilizo chini ya shamba lake hukosa maji kila Februari, na kwamba chanzo cha maji hayo kiko ndani ya mpaka wake, ameandika jambo lenye ofisi yake, sheria yake na pesa zake.

Kwa hiyo ombi lako lianzie kwa jirani. Kinacholipiwa na umma ni maji yanayovuka mpaka wako kwenda kwa wengine, mafuriko yasiyofika barabarani, tope lisilojaza bwawa la mji, ndege na wanyama wasio na mahali pengine pa kuzalia. Faida utakayopata wewe ni halali kabisa, ila haiwezi kuwa sababu ya ombi.

Sheria yenyewe imekaa hivyo. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaiweka mito, maziwa na maeneo mengine ya maji katika ardhi ya umma, na Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali zote za maji zimo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Hati miliki yako inakupa udongo. Maji yapitayo juu yake na chini yake si yako peke yako. Kando ya mto kuna ukanda wa mita 6 hadi 30 ambao matumizi yake yamewekewa mipaka, hata ukiwa ndani ya ramani ya shamba lako. Wakulima wengi wakisikia hayo huogopa, hudhani ardhi inataka kuchukuliwa, na huacha kabisa kuzungumza na ofisi yoyote. Mimi naona kinyume. Kama maji ni mali ya umma, basi wewe uliyeacha ekari mbili za mafunjo bila kuzilima umekuwa ukilinda mali ya umma kwa gharama yako. Hiyo ndiyo hoja yako iliyo nzito kuliko zote, nawe una haki ya kuitamka bila kunyenyekea.

Kabla ya kwenda popote, amua unachokitaka hasa, kwa sababu kidimbwi cha samaki, silanga ya kuvuna mvua na kinamasi cha kuhifadhiwa ni vitu vitatu vyenye milango mitatu tofauti. Ukivichanganya katika barua moja, kila ofisi itakuelekeza kwa nyingine.

Samaki ni biashara. Serikali iliwahi kuwekeza humo kwa nguvu: mpango wa kuinua uchumi ulioanza 2009 ulikusudia kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140 yaliyochaguliwa, kila kidimbwi kikiwa na ukubwa wa mita za mraba 300. Wapo waliofanikiwa, na vipo vidimbwi vingi vilivyoota nyasi mara tu vifaranga na chakula cha ruzuku vilipokoma. Ukitaka samaki, nenda idara ya uvuvi ya kaunti yako ukiwa na hesabu za soko na bei ya chakula. Usiite kazi hiyo hifadhi.

Silanga ni jambo la kilimo na ukame. Maji ya mvua yanayotiririka kutoka paa, barabarani au mlimani yanakusanywa mahali pakavu, kisha yanatumiwa kiangazi. Kazi hii ni njema na inastahili msaada, lakini pa kuchimba pana maana kubwa. Nawasihi wasomaji wasichimbe silanga katikati ya kinamasi kwa sababu tu “hapo tayari pana maji”. Kinamasi hufanya kazi kwa upana wake na kwa mimea yake. Mizizi ya mafunjo na matete hupunguza kasi ya maji, tope hutuama, maji huzama ardhini polepole na kutokea tena kwenye chemchemi za chini miezi ambayo mvua imekwisha. Ukichimba shimo refu katikati na kufungua mfereji wa kutolea maji, unashusha kiwango cha maji cha eneo zima. Pembezoni hukauka, udongo mweusi hupasuka, na jirani aliyekuwa akilima mboga chini yako huanza kununua maji. Mfadhili wa hifadhi akiona mchoro wa namna hiyo atakataa, na atakuwa amefanya vyema.

Kinamasi na chemchemi ndivyo vinavyostahili hasa pesa za hifadhi, na mara nyingi kazi inayohitajika ni ya gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani: kuweka uzio ili ng’ombe wasikanyage jicho la chemchemi, kujenga hori la kunyweshea mifugo nje ya uzio, kuziba mifereji ya zamani, kupanda miti ya asili kandokando, kung’oa mikaratusi. Suala la mikaratusi lina historia yake. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira, aliamuru ing’olewe karibu na vyanzo vya maji, na mzozo na wakulima waliokuwa wakiitegemea kwa nguzo na kuni haukukawia. Ukiwa na mikaratusi kando ya kinamasi chako, weka kwenye ombi mpango wa kuiondoa kwa awamu na kipato kitakachoziba pengo lake. Ofisa atakuuliza, basi afadhali awe ameshasoma jibu.

Kinamasi cha Kingwal kule Nandi kinaonyesha vizuri ugumu na nafasi iliyopo. Humo anaishi nzohe, yule swala anayetembea majini kwa kwato ndefu zilizopanuka, ambaye Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp kule Trans Nzoia ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili yake. Tofauti ni kwamba Saiwa ni ardhi ya serikali, ilhali sehemu kubwa ya Kingwal ni mashamba ya familia. Watu wamefyatua matofali humo, wamepanda mikaratusi, wametoa maji ili walime. Huwezi kuwalaumu kwa kutafuta chakula kwenye ardhi yao. Lakini hakuna mkulima mmoja wa Kingwal anayeweza kumwokoa nzohe kwa kipande chake pekee, na hakuna ofisi itakayoona maana ya kulipia kipande kimoja. Mashamba yakiungana, kinamasi kinakuwa kizima tena machoni pa mfadhili. Ndivyo itakavyokuwa kwako pia. Nusu ekari yako ikiongezwa kwa nusu ekari za majirani sita ni mradi.

Sasa makaratasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo safari nyingi hukwama.

Hati miliki ya shamba iko kwa jina la nani? Katika familia nyingi bado ni jina la babu aliyefariki miaka iliyopita. Ofisi ya umma haiwezi kutia saini makubaliano na marehemu, wala na mjukuu asiye na hati ya usimamizi wa mirathi. Kesi ya mirathi huchukua muda: hata pasipo mabishano, mahakama hutoa kwanza hati ya usimamizi, kisha kwa kawaida miezi sita hupita kabla ya kuithibitisha. Anzeni mirathi leo, hata kama mradi ni wa mwaka kesho kutwa. Fanya pia upekuzi wa hati kwenye masjala ya ardhi ili ujue kama kuna mkopo au zuio lililosajiliwa. Zungumza na mke au mume, ndugu na watoto walio wakubwa, na makubaliano yenu yaandikwe na kutiwa saini mbele ya chifu au wakili. Uzio wa hifadhi uliowekwa na kaka mmoja na kung’olewa na mwingine ni aibu kwa familia na mwisho wa ufadhili katika eneo zima.

Kisha vibali. Kwa maji, mlango ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, yenye ofisi katika mabonde yake sita. Bwawa linalozuia mkondo wa mto au kijito linahitaji idhini yao. Silanga inayokusanya mvua tu, isiyo sehemu ya mkondo wowote, sheria huitazama kwa wepesi zaidi, lakini omba jibu lao kwa maandishi ulihifadhi kwenye faili. Kwa ardhioevu, mlango ni mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999 na kanuni za 2009 zinazohusu ardhioevu, kingo za mito, na fuo za maziwa na bahari. Na kama kuna ukuta wa udongo wa kuzuia maji, usimwachie dereva wa tingatinga aukadirie kwa macho. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la binafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu arobaini waliokuwa majumbani mwao. Tafuta mhandisi mwenye leseni. Gharama yake iwe sehemu ya bajeti ya mradi tangu siku ya kwanza.

Ukiwa na hayo, mlango ambao ningekushauri ubishe kwanza ni jumuiya ya watumiaji wa rasilimali za maji, ile ambayo wengi huiita WRUA. Sheria ya 2016 inazitambua jumuiya hizi katika ngazi ya kijito au sehemu ya bonde. Uliza ofisi ya WRA iliyo karibu nawe ni ipi inayosimamia kijito chako, jiunge, lipa ada, hudhuria mikutano. Kila jumuiya inatakiwa kuwa na mpango wa usimamizi wa eneo lake la maji, na mpango huo huorodhesha chemchemi na vinamasi vinavyohitaji kazi. Kama kinamasi chako hakimo kwenye orodha hiyo, kazi yako ya mwaka wa kwanza ni kukiingiza. Mfuko wa Amana wa Sekta ya Maji, ambao pia uko kwenye sheria hiyohiyo, umepewa jukumu la kugharimia kazi za jamii za kutunza vyanzo vya maji, na jumuiya hizi ndizo huomba humo kwa kuzingatia mpango wao. Pesa hutoka kwa awamu, na awamu ya pili husubiri hesabu za ya kwanza. Kwa hiyo tazama kwa makini nani ni mhazini wa jumuiya yenu na kama vitabu vyake vimekaguliwa. Jumuiya yenye hesabu chafu itakuangusha hata kama kinamasi chako ni bora kuliko vyote katika kaunti.

Mlango wa pili ni kaunti, na kosa linalowagharimu watu wengi hapa ni la kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Maana yake ni kwamba mradi unaotaka upate pesa Julai unapaswa kuwa umetajwa kwenye mpango karibu mwaka mzima kabla. Mtu anayekwenda kwa mwakilishi wa wadi mwezi Mei akiwa na barua nzuri amechelewa, na atapewa ahadi kwa sababu ahadi ndicho kitu pekee kilichobaki. Hudhuria vikao vya maoni ya wananchi, uzungumze, na uhakikishe jina la chemchemi limeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Usiridhike na maneno kama “miradi ya maji wadini”. Taja chemchemi kwa jina lake, kata yake na kijiji chake. Kama kaunti inaandaa mpango wake wa miaka mitano, pambana zaidi mradi uingie humo, maana mipango ya kila mwaka huchota kutoka kwenye huo.

Ndani ya kaunti kuna njia nyingine iliyofunguka miaka ya karibuni. Makueni ilitunga kanuni za mfuko wa mabadiliko ya tabianchi mwaka 2015, na kaunti nyingine zikafuata. Mpango wa kitaifa unaojulikana kama FLLoCA, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia fedha mwaka 2021 na ambao unasimamiwa na Hazina ya Kitaifa, ulizipa kaunti sababu ya kuunda kamati za tabianchi katika kila wadi. Kamati hizo ndizo huchagua miradi inayopendekezwa na wananchi. Kwao, chemchemi iliyolindwa au kinamasi kilichorudishiwa maji ni mradi wa kukabiliana na ukame, na ni rahisi kuueleza. Jua wajumbe wa wadi yako ni akina nani. Waalike waje waone mahali penyewe wakati wa kiangazi, si wakati wa masika ambapo kila shimo lina maji.

Kama ardhioevu yako ina wanyamapori, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamruhusu mwenye ardhi, peke yake au pamoja na wengine, kuanzisha hifadhi na kuisajili. Usajili wenyewe haukuletei pesa. Unakupa jina rasmi, na jina hilo hufungua mazungumzo na Shirika la Huduma za Wanyamapori na wafadhili wengine. Korongo wenye taji ya dhahabu kichwani, walio hatarini kutoweka, huzalia sana katika vinamasi vidogo vya mashambani. Ukiona kiota, piga picha kwa mbali, andika tarehe.

Kuna pia pesa zisizo za serikali ambazo hutembea pamoja na za serikali. Naivasha, watumiaji wa maji wa kando ya ziwa waliwahi kuwapa wakulima wa milimani vocha za pembejeo kwa kupanda nyasi na miti ya kuzuia mmomonyoko, kupitia jumuiya zao za maji. Katika Tana ya Juu, mfuko wa maji uliozinduliwa 2015 uliwasaidia wakulima kuchimba visilanga vya shambani ili tope lisifike kwenye mabwawa yanayoulisha mji wa Nairobi. Angalia nani yuko chini yako: kiwanda cha chai, shule ya bweni, kampuni ya maji ya mji. Barua yao moja ya kuunga mkono, ikiahidi hata mchango mdogo, hulipa ombi lako uzito ambao kurasa kumi za maelezo haziwezi kuupa.

Na maelezo yenyewe yawe na vipimo. Huhitaji mtaalamu kupima chemchemi. Chukua mtungi wa lita 20 na saa. Ukijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Pima tarehe ileile kila mwezi, uandike kwenye daftari, na usiruke miezi ya ukame hata kama takwimu zinasikitisha, kwa kuwa hizo ndizo zinazothibitisha hitaji. Simika kijiti chenye alama za sentimita ndani ya kinamasi. Piga picha ukisimama mahali palepale kila mara. Daftari la mwaka mmoja, likiambatana na orodha ya kaya zinazochota maji na sahihi zao, ni ushahidi ambao wanakamati wanaweza kuushika mkononi. Katika bajeti, andika nguvu kazi yenu kwa thamani ya shilingi: siku za kuchimba mashimo ya miti, mawe mliyosomba, miche mliyootesha. Huo ni mchango halisi na uhesabiwe. Kisha eleza nani atarekebisha uzio mwaka wa tatu. Pesa za umma hazipendi kujenga kitu kisicho na mlezi.

Pesa za umma zikiingia kwenye ardhi ya mtu, lazima yawepo makubaliano, na haya ningekuomba uyasome mara mbili, ukiwa na wakili ukiweza. Majirani watapita njia gani kuja kuchota maji? Saa ngapi? Ng’ombe je? Makubaliano ni ya miaka mingapi, na yanamfunga atakayenunua shamba? Kupeana haki ya njia ni jambo moja; kuhamisha umiliki wa kipande cha ardhi ni jambo lingine kabisa, na mtu asikusukume utie saini la pili ukidhani ni la kwanza. Upande wa pili, usichukue pesa za wote kisha ufunge lango. Kama hutaki watu waingie kabisa shambani, pendekeza mapema bomba fupi la kupeleka maji kwenye kituo kilicho nje ya mpaka. Ni gharama ya ziada, na huzuia ugomvi wa miaka.

Mtu akikuomba pesa taslimu ili jina lako “liingie kwenye orodha”, ondoka. Ada halali zipo, za vibali na za usajili, nazo hulipwa kwa njia rasmi na hutolewa stakabadhi.

Ombi likikataliwa, au likinyamaziwa, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakupa haki ya kuuliza kwa maandishi: miradi iliyochaguliwa ni ipi, vigezo vilikuwa vipi, lako lilipungukiwa na nini. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, na isipojibu unaweza kulalamika kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Andika kwa heshima, taja tarehe uliyowasilisha ombi na ambatisha nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu ukilipata, lipeleke kwenye mkutano wa jumuiya kabla ya vikao vya maoni vinavyofuata, mrekebishe ombi pamoja, mliwasilishe kabla ya Septemba.